Miwani yenye kamera: uzoefu wangu mchora hina

Mie kazi yangu kuchora hina na piko hapa Wete, na tabu yangu siku zote ni moja: mikono yote miwili ina kazi, simu ataishika nani? Kaka yangu alipokuja likizo kutoka Muscat na miwani janja, nilifurahi kuliko yeye aliyeinunua.

Nisiidhulumu, inafanya kazi. Ni nyepesi, kama gramu 50 hivi. Nabonyeza kitufe ubavuni, inarekodi kile kile ninachokitazama: ncha ya koni, ua linavyojikunja kiganjani. Simu haijawahi kunipa picha kama hizo. Ila hukata kila baada ya dakika 3, na mkono mmoja wa bibi harusi ni saa nzima. Chaji haimalizi asubuhi. Spika zimekaa juu ya sikio, basi ukishajifunga mtandio unasikia kwa mbali kama redio ya jirani. Kiswahili haijui, naiamrisha kwa Kiingereza changu cha skuli, wateja wanacheka.

Kicheko kiliisha kwenye harusi moja. Ndani wanawake wameshavua mabuibui, bibi harusi nywele wazi, nami huyo naingia na miwani usoni. Somo wake, yule mwanamke anayemfunda, akaniuliza, "Mwanangu, hicho kidude kinapiga picha?" Nikamwonyesha kitaa cheupe: kisipowaka, hairekodi.

"Na nikikupa mgongo, hicho kitaa nitakionea wapi?"

Sikuwa na jibu. Nikaivua, nikachora saa tatu bila picha hata moja.

Kaka anasema ni ushamba wetu. Hata! Google Glass, miwani yenye kamera ya kampuni ya Google, ilipowafikia wanunuzi wa mwanzo Marekani mwaka 2013, kwa dola 1,500, zilikuwepo baa zilizokataza watu kuingia nayo, na mwaka 2015 Google ikaacha kuwauzia watu wa kawaida. Mlevi wa kule na bibi harusi wa Wete, lalamiko lao moja. Saa za kuhesabu hatua mbona watu wanazivaa hapa na hakuna anayeuliza? Zile zinamchunguza mwenyewe aliyezivaa, hazimgusi aliyekaa mbele yake.

Sijamrudishia kaka. Naivaa nyumbani nikimfundisha mdogo wangu, kwa mkono wake mwenyewe. Nikiitwa harusini naichukua ndani ya kasha lake, na kasha namkabidhi somo mlangoni kabla hajaniuliza.