HypoDD kwa matetemeko ya Natron: uzoefu wangu

Ukifungua orodha za kimataifa za matetemeko ya Afrika Mashariki utakuta jambo la kuchekesha: tetemeko baada ya tetemeko limeandikiwa kina cha kilomita 10. Si kwamba ardhi yetu inaipenda namba hiyo. Vituo vya kupimia viko mbali, kina hakipatikani kwa uhakika, basi inawekwa 10 ili hesabu iendelee. Kwa taarifa ya habari inatosha, lakini kwa anayetaka kujua kama magma, yaani mwamba ulioyeyuka, inapanda chini ya volkano ya Oldoinyo Lengai kaskazini mwa Tanzania, haimsaidii.

Julai 2007 ni mfano mzuri. Eneo la Ziwa Natron lilitikisika kwa wiki kadhaa, na kubwa kuliko yote, la ukubwa wa 5.9, likapiga tarehe 17. Hata Nairobi watu walitoka nje ya majengo. Picha za rada za setilaiti ndizo zilizoonyesha vizuri kwamba magma ilikuwa imejipenyeza chini ya mlima Gelai. Septemba Lengai ukalipuka.

Ndiyo maana nikaingia kwenye HypoDD, programu ya bure ya kukokotoa upya mahali na kina cha matetemeko, ya Felix Waldhauser na William Ellsworth. Waliieleza mwaka 2000 kwa kutumia matetemeko ya mpasuko wa Hayward, California. Mimi nimeitumia kwa rekodi za wazi za mradi wa utafiti wa CRAFTI, uliotawanya vituo karibu 40 kati ya Magadi na Natron mwaka 2013 na 2014.

Wazo lake nimelipenda tangu mwanzo. Chukua watu wawili wa nyumba jirani pale Namanga wanaokuja Arusha kwa barabara ileile: wakipishana kufika, foleni ya njiani usiilaumu, wote wameipita. Tofauti iko kule walikoanzia. HypoDD hufanya hivyo kwa matetemeko mawili yaliyo karibu. Mawimbi yao hupita kwenye miamba ileile hadi kituoni, kwa hiyo tofauti ya muda wa kufika inatueleza yameachana umbali gani, hata kama miamba ya katikati hatuijui vizuri. Kwenye nchi ya volkano, yenye majivu laini juu, lava ngumu katikati na vimiminika vya moto chini, hiyo ni nafuu kubwa.

Na nafuu yenyewe niliiona. Wingu la nukta lililokuwa limetapakaa upande wa Gelai lilijikusanya likawa michirizi, imelala takriban sambamba na nyufa zinazoonekana juu ya ardhi. Siku hiyo sikufanya kazi nyingine.

Kabla ya kufika huko, kuna jasho. Programu imeandikwa kwa Fortran, lugha ya zamani ya kompyuta, na haina vitufe vya kubonyeza. Ukiwa na matetemeko mengi kuliko nafasi iliyotengwa, inabidi ufungue faili la hypoDD.inc, uongeze namba, kisha uijenge programu upya. Faili la mipangilio nalo halina huruma: mstari mmoja ukikaa pasipo pake, kila kitu kinagoma. Mwongozo wake umeandikwa vizuri, uchapishe uwe nao mezani.

Sasa niseme kuhusu safu ya AQ, maana hapo ndipo watu wa milimani wanapopata shida. Kila mzunguko wa hesabu unachapisha mstari wa namba kwenye skrini, na AQ ni idadi ya matetemeko ambayo hesabu imeyapandisha hewani, juu ya uso wa ardhi. Programu inayatupa. Toleo la zamani nililotumia linaviona vituo vyote kama viko usawa mmoja, ilhali kwetu ufuko wa Natron uko kama mita 600 juu ya bahari na kilele cha Lengai kinakaribia mita 3,000. Matetemeko ya karibu na uso, yale hasa unayoyataka kwenye volkano, ndiyo yanayopotea kwanza. Nilipunguza hasara kwa kuipandisha sifuri ya kina hadi usawa wa vituo vya juu, kisha kurekebisha vina mwishoni. Inafanya kazi, ila si dawa kamili.

Pembeni yake kuna CND, namba inayoonyesha kama hesabu imetulia. Mwongozo unashauri iwe kati ya 40 na 80 hivi. Ichunge. Makadirio ya makosa yanayotolewa na LSQR, njia ya hesabu ya matetemeko mengi kwa pamoja, usiyaamini hata kidogo, ni madogo mno. Pima kwa SVD, njia ya pili ya hesabu iliyomo humo, kwenye kikundi kidogo.

Tena, HypoDD inajua zaidi matetemeko yalivyokaa yenyewe kwa yenyewe. Kundi zima linaweza kuwa limehama kilomita moja na michirizi ikabaki mizuri vilevile. Mahali halisi pa kundi natafuta kwanza kwa NonLinLoc, programu ya Anthony Lomax, ambayo inakubali modeli ya miamba ya pande tatu na inakuonyesha wingu la uwezekano badala ya nukta moja ya kujidai. Halafu ndipo napeleka HypoDD.

Naipa nyota nne kati ya tano. Kama vituo vyako ni vichache na vyote viko upande mmoja wa mlima, iache kwanza. Muda huo utumie kuweka upya alama za mwanzo wa mawimbi kwa mkono: kosa la sekunde 0.1 kwenye wimbi la P, lile linalofika kwanza, linalokwenda kilomita 6 kwa sekunde ni mita 600, na mawimbi ya S, yanayofuata baadaye, yaliyofunikwa na kelele za upepo pale nyikani hukosewa zaidi ya hapo.