Boti ya bamvua: na mama na mwanangu katika mikoko ya Tudor

Daraja la Nyali, hapa Mombasa, nimelivuka mara zisizo na hesabu. Dirishani mwa matatu nimeyaona yale maji ya Tudor, mkono wa bahari ulio chini yake, asubuhi na jioni, yakiwa yamejaa, yakiwa yamekupwa, na katika miaka 38 ya umri wangu sikuwahi kuyaendea. Februari, shule zilipofungwa kwa siku chache katikati ya muhula, nikampeleka mwanangu wa miaka 9 pamoja na mama yangu, mzaliwa wa Kibokoni katika Mji wa Kale, katika ziara ya boti inayoendeshwa na kikundi cha wenyeji: kutoka Bandari ya Kale, kupita chini ya daraja, kuingia mikokoni, kushukia Jomvu Kuu, kisha kurudi. Mtu mzima nililipa shilingi 1,800 na mtoto nusu yake, chai na vitafunio ndani.

Nilitaka tutoke Jumamosi asubuhi. Nahodha akanikatalia kwenye simu, kwa adabu: "Dada, asubuhi hiyo maji yamekupwa, mtatazama matope. Njooni saa nane mchana, ni bamvua." Sikuelewa mpaka mama aliponieleza jikoni. Mwezi ukiwa mpevu, na tena ukiandama, ndipo maji hujaa sana na kupwa sana, ndiyo bamvua, na hapa kwetu siku hizo hujaa mnamo saa kumi alasiri. Kati ya kujaa na kupwa tofauti hupita mita 3. Siku za maji mafu, yasiyojaa sana, boti haifiki ndani kabisa. Basi ukipiga simu usiulize Jumamosi ipi, uliza bamvua lini. Nilipenda tangu hapo kwamba hawakunichukulia pesa yangu ili wanipeleke siku mbaya.

Kilichoniudhi kilitokea kabla hatujang'oa nanga. Jaketi la kuelea la saizi ya mtoto lilikuwa moja tu na kifungo chake kimevunjika. Kijana wa boti akataka kulifunga kwa kamba. Nilikataa, na ningekataa tena. Tukangoja dakika 20 hadi likaletwa jingine kutoka boti ya jirani, zima. Wazazi, kagueni vifungo mkiwa bado gatini. Bahari ya Tudor ni tulivu wakati wa kaskazi lakini kina chake si cha mchezo, na mkondo wa bamvua una nguvu.

Mwongozaji wetu alikuwa mzee wa Kijomvu, kanzu nyeupe na kofia ya vito, aliyeketi omo akitutazama sisi badala ya kutazama mbele. Nilimwita Ami, mwanangu akamwita Babu, na mama alimwita kakangu baada ya kubadilishana majina ya watu wawili watatu wa zamani. Tulipoiacha Fort Jesus nyuma, nilitarajia maelezo marefu kama ya vitabu vya shule. Alisema Mreno alianza kuijenga 1593, na kwamba mji ulikuwa umeshazeeka. Ibn Battuta alilala hapa usiku mmoja mwaka 1331 akakuta misikiti ya mbao, imejengwa kwa ustadi. "Mbao," akarudia, akaunyoshea kidole mkono wa bahari tuliokuwa tunaelekea.

Chini ya daraja aliomba mashine ipunguzwe. Upande wa kulia ni Kongowea, ambako mimi huenda kununua nyanya na vitunguu kwa jumla. Ami akasema Kongowea ni jina la kale la mji wenyewe, kabla haujaitwa Mvita, na akasimulia habari za Mwana Mkisi, malkia ambaye wazee humtaja kuwa ndiye mwenye mji, na Shehe Mvita aliyekuja baadaye na Uislamu. Kisha akayahesabu mataifa ya Waswahili wa Mombasa kwa vidole, Thenashara Taifa, yaani kumi na mawili. Thelatha Taifa, yale matatu, ni Kilindini, Tangana na Changamwe. Halafu Miji Tisa: Mvita, Jomvu, Kilifi, Mtwapa, Pate, Shaka, Faza, Bajuni, Katwa. Mama alikuwa akiyataja pamoja naye kwa sauti ya chini. Sikujua kwamba anayajua. Mimi, mtoto wake, sikuwahi kuyasikia kinywani mwake.

"Mkoko ndio kwanza unaalika maua," mama akaninong'oneza, maana mzee ndiyo alikuwa anaanza kunoga.

Ukishaupita mtaa wa Tudor, maji yanapanuka na mji unarudi nyuma. Tukaiona mikoko. Mimi kila mti wa pwani yenye matope nilikuwa nauita mkoko, ukaisha. Ami alisimamisha boti mara nne ili tuone tofauti. Mbele kabisa, penye maji mengi, ni mlilana, ambao maua yake hufunguka usiku na ambao mafundi waliukatia mataruma, zile mbavu za majahazi. Nyuma yake mkoko wenyewe, wenye mizizi kama miguu ya meza iliyopinda, na mbegu inayoota ikiwa bado juu ya mti, ikaning'inia kama fimbo ya kijani hadi itakapodondoka matopeni. Kisha muia, kisha mkandaa ambao gome lake lilitumika kutia rangi na kulainisha ngozi, kisha mkomafi wenye tunda kubwa kama kichwa cha mtoto. Karibu na nchi kavu ni mchu. Nilitakiwa kulilamba jani lake, nikakuta chumvi kavu juu yake, kwa sababu mti huo hunywa maji ya bahari na kuitoa chumvi majanini.

Hapo kwenye mchu ndipo nilipoona kitu ambacho ningelipa nauli ile kwa ajili yake peke yake. "Ndoo uone," Ami akamwambia mwanangu kwa Kimvita chake, akamsogeza ukingoni. Konokono wadogo wa kahawia walikuwa wakipanda shinani, mmoja mmoja, ilhali maji yalikuwa bado hayajafika kwenye mti. "Konokono huyu ana saa yake. Maji hayajaja, yeye keshapanda." Tukakaa kimya. Baada ya muda maji yakaingia, yakalizunguka shina, na konokono wote walikuwa juu ya mstari wa maji, wakavu. Vile visamaki vyenye macho ya kutokeza, vinavyorukaruka matopeni, navyo vikapanda juu ya mizizi kuyakimbia maji, samaki anaikimbia bahari! Mwanangu aliuliza maswali hadi nikaona haya, na hakuna hata moja ambalo mzee alilipuuza.

Ndege tuliwaona wengi: yangeyange wamejipanga juu ya milalio ya matawi, mdiria akipiga mbizi, na sululu wenye midomo mirefu iliyopinda kuelekea chini. Hao sululu huja kutoka kaskazini ya mbali, huko kunakoanguka theluji, wakala kaa wetu na kuondoka karibu na Aprili. Pomboo hatukuwaona na hatukuahidiwa. Wakati mmoja mkizi aliruka akagonga ubavu wa boti, na mama na mzee wakasema kwa pamoja, "Hasira za mkizi, furaha ya mvuvi," wakacheka kama watoto wa darasa moja.

Halafu zikaja habari za boriti. Ami alimuuliza mama, nyumba yenu ya Kibokoni chumba kilikuwa na upana gani? Mama akanyosha mikono, akafikiri, akasema pengine hatua nne za mtu mzima. "Na urefu wa chumba?" Mrefu, kama ukumbi. Akaeleza: nyumba za mawe za Mji wa Kale zimeshikwa darini na boriti za mkoko, na boriti nzuri iliyonyoka haipiti sana mita 3. Kwa hiyo mjenzi hakuamua upana wa chumba, mti uliamua. Ungeweza kukirefusha chumba utakavyo, lakini kukipanua huwezi. Mama alilala chini ya dari hiyo miaka 20, akiwa mtoto akizihesabu boriti usiku wa joto usingizi ukimpaa. Alishika ukingo wa boti kwa mkono mmoja, akautazama ule msitu na hakusema kitu kwa kitambo. Majahazi yalizipeleka boriti hizohizo hadi Uarabuni, kwenye nchi isiyo na miti, mpaka biashara hiyo ya ng'ambo ilipopigwa marufuku 1982.

Sitaficha mabaya. Katika boti yetu walikuwamo vijana watano waliokuja na spika na kuifungulia muziki mzee akiwa katikati ya habari za boriti. Nahodha hakusema neno. Niliwaomba mimi, wakazima, lakini haikupaswa kuwa kazi ya abiria. Kanuni hiyo isemwe gatini, kabla mtu hajakanyaga boti. Pia kuna mahali, si mbali na makazi, ambapo maji machafu ya mji yanaingia baharini na harufu inakufuata, na mizizi ya mikoko imevaa mifuko na chupa za plastiki. Tuliona visiki vibichi. Ami hakutupitisha haraka pale. Alisimamisha boti akasema hapa pamekatwa kuni, na wanaokata anawajua na njaa yao anaijua. Nilimheshimu kwa hilo.

Jomvu Kuu tulipokewa na kina mama kwa viazi vya karai, bajia za kunde na chai ya tangawizi. Choo kipo hapo, kisafi. Kabla ya hapo hakuna. Niliuliza kama tutapanda miti, maana nimeona picha za watu wakipanda. Ami alisema leo maji yamejaa, hapandi mtu. Akaongeza kwamba miche mingi hufa kwa kuwa watu hupanda mkoko popote, kwa sababu mbegu yake ni rahisi kuokota, hata mahali pa mlilana au mchu. Tukaoneshwa kitalu, basi.

Kisha bibi mmoja wa Kirabai akaketi mkekani na kuanza kusimulia. Warabai na Wajomvu ni majirani wa tangu na tangu. Mto Kombeni unaoingia hapa unatoka upande wa Rabai. Alianza na Shungwaya, walikotoka Mijikenda wote tisa kwa masimulizi yao, akaja kwenye kaya, msitu uliozunguka makao ya wazee, ambamo tawi halikatwi wala jani halichumwi ovyo. Misitu hiyo ya makaya iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO 2008, lakini yeye hakuyataja hayo. Yeye alisimulia jinsi nyanya yake alivyomshika mkono mara ya kwanza akamfikisha penye njia ya kaya, akamwambia avue viatu, na sauti iliyotoka ndani ya msitu...

Hapo kijana wa boti akapiga makofi. Maji yanakupwa, twendeni.

Ninajua maji hayangoji. Lakini tulipoteza dakika 20 kwa jaketi bovu, na nusu saa kwa vijana waliopiga picha gatini, na aliyelipia hasara hiyo ni bibi yule. Alinyamaza, akakunja leso yake magotini. Nilimwambia kijana papo hapo na nasema tena: hadithi iwekwe mwanzo wa kituo cha Jomvu, chai ifuate. Mtu anaweza kunywa chai ndani ya boti. Nilimuuliza pia nahodha wazee hawa wanalipwa nini, akanijibu bila kusitasita kwamba kila abiria ana fungu linalokwenda kwa msimuliaji na jingine kwa kitalu. Ningependa fungu la msimuliaji liwe kubwa zaidi, na nilimwachia bibi kitu mkononi.

Tulirudi jua likizama nyuma ya Mikindani, maji mekundu, mwanangu amelala mapajani mwa bibi yake. Mizigo muhimu: kofia, viatu vya kulowana, maji ya kunywa, na kitambaa cha kujitanda, kwa kuwa upepo wa kurudi ni baridi.

Siku ya pili mama aliomba tumpeleke Kibokoni. Nyumba ile ina wapangaji wengine sasa, wakatukaribisha ndani. Alisimama katikati ya chumba akamfundisha mjukuu wake kuzihesabu boriti kutoka mlangoni. Kisha akaniomba simu, akampigia nahodha yeye mwenyewe, akauliza bamvua ijayo ni lini na kama yule bibi wa Rabai atakuwapo. Atakuwapo. Tumeshalipia viti vitatu, na mama amewaambia kwamba safari hii hatuondoki Jomvu mpaka tujue sauti ile ilikuwa ya nini.