Medali za Metro ya Paris: Anza na Ukingo, Sura Baadaye

Hamjambo watazamaji wetu, karibuni Lamu. Hapa usafiri wa mjini ni punda na mashua, lakini kilicho mezani leo ni medali ya bronzi ya kuadhimisha Metro ya Paris, yaani treni za chini ya ardhi za jiji hilo, iliyofunguliwa tarehe 19 Julai 1900.

Sura yake inavutia, naam. Iacheni kwanza. Igeuzeni muone ukingo. Kiwanda cha Monnaie de Paris, kinachofua sarafu na medali za Ufaransa, tangu 1880 hugonga hapo alama ya pembe iliyojaa matunda pamoja na jina la madini. Kwa hiyo muuzaji akikwambia medali ya metro imetoka kiwanda hicho, na ukingo ni mtupu, mrudishie. Alama ikiwepo pia usikimbilie kulipa bei ya kale: mihuri ya zamani, yaani vyuma vya kugongea picha, hutumika tena kugonga medali mpya miaka mingi baadaye, na pembe ni ileile.

Sasa uzito. Weka bilauri ya maji yaliyochujwa kwa mvuke juu ya mizani ya sonara, irudishe kwenye sifuri, kisha izamishe medali kwa uzi bila kugusa chini. Ikiwa kavu ina gramu 88 na mizani sasa inasoma 10, gawanya 88 kwa 10: 8.8, bronzi hiyo. Ukipata karibu 6.7, huenda ni mchanganyiko wa zinki uliopakwa rangi. Vipovu vikiganda juu yake jibu litashuka, basi itikise kidogo. Kipimo hiki hakitenganishi vizuri bronzi na shaba ya njano, maana zimekaribiana mno.

Adui mkubwa wa mwambao ni chumvi ya hewani. Ikikutana na unyevu juu ya bronzi huzaa unga wa kijani mpauko unaopukutika ukiuchokoa kwa kijiti, na huendelea kula ndani. Itenge haraka medali hiyo na nyingine. Na tafadhali, ndimu na majivu ni za sinia! Rangi ya kahawia ya medali imetiwa kiwandani. Ukiing'arisha umeifuta, na thamani imekwenda nayo.

Mfuko wa plastiki laini uliokuja nayo utupe, maana kama ni plastiki ya aina ya PVC huacha utelezi wa kijani. Tumia kifuko cha poliesta ndani ya mkebe usiopitisha hewa, pamoja na vipakiti vya silika vya kunyonya unyevu, na uvikaushe chembe zikibadilika rangi. Mkebe ufunguliwe adhuhuri, hewa ikiwa kavu kidogo, wala si usiku barazani. Medali ishikwe ukingoni tu. Jasho nalo lina chumvi.