Peroksaidi ya duka la dawa kwa damu kwenye zulia: uzoefu wangu, Kigoma

Bidhaa ninayoizungumzia ni haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ile chupa ndogo ya kahawia inayouzwa maduka ya dawa kwa ajili ya vidonda na kusukutulia. Kwa damu kwenye zulia la sintetiki la rangi nyepesi naipa nyota nne kati ya tano. Kwa zulia la sufu naipa moja. Kwa zulia lenye rangi nzito ambalo halijajaribiwa pembeni, bora ibaki kabatini. Muuzaji hatakueleza tofauti hiyo, maana yeye anauza dawa ya kidonda, siyo dawa ya zulia.

Kitu cha kujua kabla ya kununua ni kwamba peroksaidi huja mwishoni. Anayeimimina moja kwa moja juu ya damu mbichi hupata povu jingi la kufurahisha macho, dawa inaisha, na damu iliyo chini kwenye mashina ya nyuzi inabaki palepale. Kazi kubwa ni ya maji baridi, chumvi kidogo na vitambaa vyeupe. Peroksaidi inamalizia kile kivuli cha njano au kahawia ambacho maji hayakukiweza.

Maji yawe baridi kweli. Damu imejaa protini, na joto huzigandisha ndani ya nyuzi kama ute wa yai kwenye kikaango. Zikishashika hivyo, sabuni haizitoi kirahisi. Hapa Kigoma watu wengi wanadhani wametumia maji baridi kumbe sivyo. Bomba linalotoka kwenye tangi jeusi lililowekwa juu ya nyumba, saa nane mchana mwezi wa Agosti, linatoa maji ya kuogea mtoto. Chota ya asubuhi na mapema, au ya mtungini, au weka barafu ya pakiti kwenye ndoo. Ukitumbukiza kifundo cha mkono usisikie ubaridi, hayo si maji ya kazi hii.

Vaa glavu, hata kama damu ni ya mtu wa nyumbani. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kuendelea kuambukiza nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, hata kwenye damu iliyokauka. Glavu zinapatikana duka lilelile la dawa.

Damu ikiwa bado mbichi, weka kitambaa cheupe kikavu juu yake na ubonyeze kwa kiganja, wima, bila kusugua. Kusugua kunapanua doa na kunaivuruga manyoya ya zulia hadi sehemu ile inaonekana tofauti hata ikiwa safi. Badilisha upande wa kitambaa kila kinapopata wekundu. Ukipigania doa kubwa, anzia ukingoni uende katikati. Kitambaa kiwe cheupe kwa sababu mbili: unaona kinachotoka, na hakuna rangi ya kitenge inayohamia kwenye zulia. Fulana nyeupe iliyochakaa inafaa kuliko taulo jipya, maana taulo jipya linaacha vumbi la pamba.

Kisha maji ya chumvi: kijiko kimoja cha chai katika nusu lita ya maji baridi. Chumvi inasaidia kwa sababu baadhi ya protini za damu haziyeyuki vizuri kwenye maji matupu, lakini huyeyuka kwenye maji yenye chumvi kidogo. Ya Uvinza inatosha kabisa. Ikiwa ni ya chenga, koroga hadi iyeyuke yote, uchuje kwa kitambaa. Kuna wanaomwaga chumvi kavu juu ya doa na kusugua. Siwashauri, zile chenga zinakwaruza nyuzi, na zikibaki ndani ya zulia zinavuta unyevu masika yote.

Usimwage maji hayo. Chovya kitambaa, kamua kiasi, bonyeza juu ya doa, halafu bonyeza kwa kitambaa kikavu. Lowesha, kausha, lowesha, kausha. Hapa ndipo watu wanapokosa subira, na ndipo kazi yenyewe ilipo. Maji mengi yanaishusha damu hadi mgongoni mwa zulia, kwenye gundi, na huko kitambaa hakiifikii. Endelea mpaka kitambaa kitoke na rangi hafifu ya waridi au kisitoke na kitu.

Baada ya hapo sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, ile isiyo na jiki ndani, kijiko kimoja cha chai kwa nusu lita ya maji baridi. Bonyeza kwa mtindo uleule. Usiongeze kipimo. Sabuni inayobaki kwenye nyuzi hunata, na kwa vumbi letu jekundu doa la sabuni litakuwa doa la udongo ndani ya wiki chache. Mtu atasema damu imerudi. Suuza kwa maji matupu mpaka kitambaa kisitoe utelezi.

Sasa ndipo unapoifungua chupa.

Soma asilimia kwanza. Ya asilimia 3 ndiyo inayoandikwa pia volyumu 10. Kuna maduka yanayouza ya asilimia 6, yaani volyumu 20. Hiyo ichanganye na maji safi nusu kwa nusu upate 3. Usikubali ya saluni. Zile za rangi ya nywele huwa volyumu 20, 30 au 40, maana yake asilimia 6, 9 na 12, na nyingi ni za krimu yenye mafuta na viungo vingine ambavyo havifai kuingia kwenye zulia. Asilimia 12 inaunguza ngozi, sembuse rangi ya zulia.

Jaribu pembeni, sehemu inayofichwa na kochi. Matone machache, acha dakika 10, bonyeza kwa kitambaa cheupe. Kitambaa kikitoka na rangi ya zulia, acha. Kisipotoka na rangi, bado subiri pakauke kabisa ndipo uamue, kwa sababu kupauka hakuonekani vizuri pakiwa na unyevu. Nadhani hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote, na ndiyo inayoleta malalamiko mengi dhidi ya bidhaa yenyewe.

Kwa doa la ukubwa wa kiganja, mililita 20 hadi 30 zinatosha. Dondosha kwa kijiko kidogo au kwa bomba la sindano lisilo na sindano, juu ya kivuli tu, usivuke ukingo. Itatoa povu. Damu ina kimeng'enya kinachoitwa katalesi ambacho huivunja peroksaidi kuwa maji na oksijeni, na mapovu yale ndiyo oksijeni yenyewe. Yanasaidia kuinua uchafu, lakini kinachoondoa rangi ni uoksidishaji, yaani peroksaidi kuivunja rangi yenyewe kwa oksijeni, siyo povu. Kwa hiyo usipime kazi kwa wingi wa povu. Damu ambayo mtu ameshaimwagia maji ya moto inaweza kutoa povu hafifu sana, na doa lipo wazi mbele yako.

Povu likitulia, baada ya dakika mbili tatu, bonyeza kwa kitambaa kikavu na uangalie. Rudia kama bado. Mizunguko kadhaa mifupi ni salama kuliko kuiacha dawa ilale pale usiku kucha. Ikishamaliza damu haina akili ya kusimama. Inaendelea kwenye rangi ya zulia. Doa likiacha kupungua kati ya mzunguko mmoja na mwingine, simama hapo, kilichobaki hakitaki dawa hii. Maliza kwa kusuuza kwa maji baridi.

Ukaushaji una sehemu yake ya ujanja. Zulia linapokauka, maji hupanda kutoka mgongoni kwenda juu, na hupanda na damu iliyofichika chini. Ndiyo maana jioni pasafi, asubuhi pana kivuli. Kinga yake ni kukunja vitambaa vyeupe vikavu mara kadhaa, kuviweka juu ya mahali palipolowa, kuweka mfuko wa nailoni juu yake, kisha ndoo ya maji yenye kifuniko juu ya vyote. Acha usiku kucha. Kinachopanda kinaishia kwenye kitambaa. Asubuhi nyanyua zulia, liegemee kitu ili upepo upite chini, au washa feni. Kiangazi linakauka haraka. Kuanzia Novemba mvua zikishakolea, zulia lililoloweshwa kupita kiasi linaweza kukaa na unyevu siku kadhaa na kuanza kunuka ukungu. Mazulia yenye mgongo wa nyuzi za gunia yana tatizo la ziada: yakilowa sana nyuzi zile hutoa rangi ya kahawia inayopanda juu, na watu huichanganya na damu. Ukiiongezea peroksaidi na maji mengine ndiyo unaichochea.

Kuhusu aina ya zulia. Mengi tunayoyanunua mjini, yale ya manyoya marefu na yale yenye maua makubwa, ni poliesta au polipropilini, na hayo yanaivumilia asilimia 3 vizuri. Kama hujui, ng'oa uzi mmoja kutoka pembeni, ushike kwa koleo, toka nje uuchome. Ukiyeyuka na kuacha kidonge kigumu, ni sintetiki. Ukinuka nywele zilizoungua na kubaki jivu linalosagika, ni sufu. Sufu isiguswe kwa peroksaidi wala kwa sabuni ya unga yenye vimeng'enya, kwa sababu vimeng'enya vinavyokula protini ya damu vinakula na sufu, nayo ni protini vilevile. Kwa sufu ishia kwenye maji baridi na sabuni laini. Mswala mdogo wa poliesta hauhitaji mbwembwe zote hizi: ushike chini ya bomba, maji baridi yapite kutoka mgongoni kuja mbele, na uendelee mpaka yatoke meupe. Kapeti la plastiki la kubandika sakafuni halina nyuzi, hivyo maji baridi na sabuni yanatosha, ila angalia maungio, damu hupenya humo.

Damu iliyokauka zamani inadai hatua moja zaidi. Kwangua maganda kwa upande usio na makali wa kisu, kusanya kwa kitambaa chenye unyevu, usipulize wala kufagia. Kama zulia ni la sintetiki, changanya kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya unga yenye vimeng'enya katika kikombe cha maji, funika doa kwa kitambaa kilichochovywa humo, acha dakika 30, kisha suuza na uendelee kama kawaida. Paketi huandika kama ina vimeng'enya. Isipoandika, chukulia haina. Doa la kahawia linalokataa hata peroksaidi mara nyingi ni chuma cha damu, yaani linakaribia kuwa kutu. Hapo maji ya ndimu kidogo, yaliyopunguzwa nguvu kwa maji, husaidia baada ya kusuuza peroksaidi yote na kujaribu pembeni.

Nasisitiza kusuuza yote kwa sababu peroksaidi na siki au ndimu havichanganywi kwenye chombo kimoja. Asidi hugeuka kuwa kali zaidi. Jiki nayo ina mambo yake. Kwenye sakafu ya saruji au vigae jiki iliyopunguzwa ni sahihi kwa damu. Kwenye zulia inapausha rangi, na sufu inaila kabisa. Ikikutana na asidi inatoa gesi ya klorini, na ikikutana na amonia, hata ya mkojo wa mtoto uliokauka kwenye zulia, inatoa gesi nyingine ya kuwasha mapafu. Vitambaa ulivyotumia unaweza kuviloweka kwenye jiki baadaye, lakini visuuze peroksaidi kwanza.

Je, kuwapa vijana wa kuosha magari na mazulia? Kwa zulia chafu lote, sawa. Kwa doa la damu pekee sipendi: pampu ya presha huisukuma damu hadi kwenye gundi, halafu zulia hutandikwa juani na kinachobaki kinaivia humo. Ukilazimika kupeleka, toa damu kwanza nyumbani, wao wafue vumbi.

Nyota niliyokata ni ya uhifadhi. Peroksaidi inavunjwa na mwanga na joto, kwa hiyo chupa iliyopangwa kwenye dirisha la duka linalopigwa na jua inaweza kuwa maji tu ndani, ingawa tarehe haijapita. Nunua iliyo kwenye chupa isiyopitisha mwanga, iliyokuwa rafu ya ndani. Nyumbani iweke kabatini, mbali na watoto. Usiichanganye na sabuni ukaifunga kwenye chupa ya kupulizia, kwa sababu gesi inajikusanya na chupa hutuna hadi kupasuka. Ukitaka kujua kama bado ina nguvu, kata kipande cha kiazi kibichi udondoshee matone mawili: kiazi nacho kina katalesi, na dawa nzima itatoa povu papo hapo.