Picha zetu za uchumba Bagamoyo: tulivyojiandaa baada ya kukosea mara ya kwanza

Picha za uchumba tumepiga mara mbili. Za kwanza, zilizopigwa na studio moja hapa Dar es Salaam, zimekaa kwenye simu yangu na, ukimtoa mama, hakuna ndugu niliyemwonyesha. Za pili tulipigia Bagamoyo, na ndizo zilizoko kwenye kadi zetu za mchango. Tangu kadi zianze kusambaa, kila siku kuna mtu ananiuliza nani katupiga na tulifanyaje. Studio ile ya kwanza ilikuwa na kamera kubwa na taa nyingi kuliko mpiga picha wa pili. Ila hawakutuuliza neno lolote kabla ya siku yenyewe, na sisi pia hatukujua kwamba kuna mambo ya kuuliza.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, mwenzangu ni fundi umeme. Barua ya posa ilishajibiwa, mahari imeshatolewa sehemu, nikaha bado. Yaani tunaelekea kuwa mume na mke lakini hatujawa, na kwetu hilo lina mipaka yake. Nalitaja mapema kwa sababu ndilo lililoharibu picha za kwanza na ndilo lililozipendezesha za pili.

Yule wa studio alitukuta ufukweni saa 11 jioni, tukiwa tumeshalipa laki mbili zote. Akaanza: mkumbatie, mshike kiuno, mbusu kwenye paji la uso. Mwenzangu aliganda. Mimi nilikuwa natabasamu kwa meno tu, macho yanatafuta kama kuna mtu anayetufahamu. Ukiziangalia zile picha leo unaona watu wawili wanaoona haya, kila mmoja anasubiri mwenzake aseme basi. Hatukuwa na ujasiri wa kumwambia mpiga picha kwamba hatujafikia huko, naye hakuwa na namna ya kujua.

Kisha kulikuwa na jua. Alituahidi picha ya jua likizama baharini. Tulisimama tukingoja, na jua likazama nyuma yetu, juu ya mapaa ya nyumba. Pwani yetu hii, kuanzia Dar mpaka Bagamoyo, inatazama mashariki. Jua linatoka baharini, halizamii huko, isipokuwa ukienda sehemu chache kama Msasani upande wa ghuba, au ukivuka kwenda Unguja ukasimame Forodhani, kwa kuwa Mji Mkongwe unatazama magharibi. Mtu aliyezaliwa pwani analijua hili bila kufundishwa, lakini siku ile akili zetu zote zilikuwa kwenye nguo.

Lililoniuma zaidi lilikuja wiki tano baadaye, picha zilipofika. Mimi ni mweusi wa kung'aa, nimechukua rangi ya baba yangu. Kwenye zile picha uso wangu ulikuwa umefanywa wa maji ya kunde, shingo imebaki yangu, mikono imebaki yangu. Mama aliiangalia moja, akanirudishia simu na kuniuliza, "Mwanangu, huyu nani?" Nilipoomba rangi yangu irudishwe nikajibiwa kwamba wateja wengi wanapenda hivyo. Na kabla sijamaliza hasira, nikaikuta picha yetu kwenye tangazo lao, hatukuulizwa. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inayotumika tangu Mei 2023. Niliitaja kwenye ujumbe wangu, kwa adabu, na picha ikaondolewa siku hiyohiyo. Anayejiandaa kupiga picha ajue kwamba haki hiyo anayo.

Huyu wa pili nilielekezwa na mwalimu mwenzangu. Ni dada anayefanya kazi peke yake na msaidizi mmoja, na wateja wake wote wanakuja kwa kuelekezana. Bei yake ilikuwa laki tatu na nusu, nusu kabla na nusu siku ya kukabidhiwa picha. Kabla hajapokea hata shilingi alitaka tuonane. Tulikaa kwa chai kama saa moja na nusu, na kamera hakuja nayo.

Alituuliza tulivyokutana. Mwenzangu alisimulia alivyokuja kutengeneza umeme wa maabara ya shule yetu, mimi nikiwa nimesimama gizani na wanafunzi arobaini. Aliuliza kila mmoja anaona haya kwa jambo gani. Aliuliza tukicheka huwa tunacheka nini. Halafu akauliza lile ambalo kwa wengine lingekuwa la aibu: mpaka wetu uko wapi? Nilimwambia hatushikani mpaka nikaha ipite, na kwamba shangazi yangu atafuatana nasi. Akaandika kwenye daftari lake, akasema, "Sawa, basi tutafute vitu vya kushika." Tangu hapo moyo wangu ulitulia. Tulitoka pale na orodha: kanga, vikombe vya kahawa, na mkoba wa vifaa wa mwenzangu.

Kuhusu nguo alitusaidia mno. Mwenzangu alitaka kanzu nyeupe pe. Akatueleza kwamba kamera ikikutana na nguo nyeupe inayowaka juani inajaribu kuutuliza ule weupe, na anayelipia ni uso, hasa uso mweusi kama wetu, unazama kwenye kivuli. Akashauri kanzu ya rangi ya maziwa, yenye darizi ya rangi moja, na kofia ya viua aliyoshonewa na bibi yake. Akakataza pia shati la mistari myembamba iliyobanana, maana kwenye picha mistari ile huleta mawimbi ambayo hayapo kwenye kitambaa. Mimi nilichagua gauni la kijani kibichi na mtandio wa pamba. Ule wa hariri ulikuwa mzuri kuliko huu, lakini kwa upepo wa bahari ningeshinda nashika kichwa. Nguo zote zilipigwa pasi na kusafiri zimetundikwa, hazikukunjwa. Jambo dogo sana, na mstari wa kukunjia kifuani huonekana kwenye kila picha usipoangalia.

Hina nilipaka siku mbili kabla. Ukipaka leo upige kesho asubuhi bado ni ya chungwa, inahitaji siku moja au mbili ikolee. Piko la dawa nililikataa kabisa, dada yangu aliwahi kuungua mkono nalo. Mekapu niliijaribu nyumbani wiki moja mapema: nilipaka usiku, nikapigwa picha na simu kwa mwanga wa taa yake. Poda niliyokuwa naiamini miaka yote ilinifanya paji la uso na chini ya macho kuwa na weupe wa majivu. Ningelijua hilo siku ya picha ningelia. Mwenzangu alienda kwa kinyozi siku tatu kabla, kwa sababu shingo yake huota vipele akinyolewa, na vinahitaji muda kupoa.

Siku yenyewe aliichagua shangazi. Mpiga picha alisema anataka alfajiri, jua likitoka baharini, na maji yawe yamejaa, kwa maana bahari ya Bagamoyo ni ya kina kifupi na ikipwa inakwenda mbali, inabaki tope na mitumbwi iliyolala ubavu. Nilikuwa nahangaika na jedwali la maji kwenye simu. Shangazi, ambaye babu yangu alimlea kwa samaki, akauliza leo ni siku ya ngapi tangu mwezi uandame, akahesabu vidole, akasema, "Nendeni mwezi kumi na saba. Bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu, bado lipo, alfajiri maji mtayakuta juu." Nikalinganisha na jedwali: yanajaa kama saa 11 na dakika kadhaa alfajiri. Mpiga picha alipoambiwa alicheka kwa furaha, akasema kuanzia leo atakuwa anampigia shangazi.

Kutoka Dar ni kilomita kama sabini. Tuliamua tusiamke usiku wa manane kukimbizana na barabara, tukalala kwa rafiki wa shangazi, sisi wanawake ndani, mwenzangu kwa jirani. Huu ndio ushauri ninaousisitiza kuliko wote: lala karibu na mahali pa picha. Uso uliopata usingizi wa saa sita hauhitaji poda nyingi.

Saa 12 kasoro tulikuwa mchangani. Mwezi ulikuwa bado juu ya minazi nyuma yetu, na mbele kulikuwa na utepe mwembamba wa rangi ya papai. Wavuvi walikuwa wanaingia. Mpiga picha alikwenda kuwasalimia kwanza, akawaomba, na mzee mmoja akaturuhusu tusimame kando ya chombo chake. Mwanga mzuri haukudumu hata saa moja. Huku kwetu jua likishatoka linapanda haraka, na kabla ya saa 2 macho yameanza kukunjamana. Kwa hiyo hakukuwa na nafasi ya kuanza kufundishana mikao. Yale mazungumzo ya chai ndiyo yaliyookoa muda: alijua tayari kwamba mwenzangu akiambiwa "tabasamu" anakaza taya, kwa hiyo hakumwambia. Alimuuliza kuhusu nyaya za ile maabara. Mwenzangu akaanza kueleza kwa mikono, mimi namtazama, naye kazi yake ikawa kubonyeza tu.

Picha ninayoipenda kuliko zote ilipigwa mjini, mbele ya mlango wa kuchonga, tumekaa barazani. Kati yetu kulikuwa na vikombe viwili vya kahawa na kisahani cha kashata. Kanga ilikuwa imetandikwa, pindo moja nimeshika mimi na jingine ameshika yeye, na jina lake linasomeka: Mapenzi kikohozi hayafichiki. Shangazi amekaa hatua nne pembeni, nje ya picha. Nilipouma kashata, chembe ikanasa shavuni. Mwenzangu aliiona. Mkono wake ukanyanyuka kuja kuifuta, ukafika nusu ya njia, akakumbuka. Kidole chenye kovu la kuungua na waya kikageuka, kikagusa shavu lake mwenyewe, mahali palepale ambapo langu lilikuwa na chembe. Nilicheka mpaka macho yakafunga. Picha imekamata hapo: kidole chake shavuni mwake, mimi nimeinamisha kichwa, kanga imevutika baina yetu. Hakuna kukumbatiana kokote kungesema vile.

Tulimalizia Kaole, kusini kidogo ya mji, kwenye magofu ya msikiti ambao wataalamu wanauweka karne ya 13. Ni eneo la mambo ya kale, kuna kiingilio na unapewa stakabadhi, na mpiga picha alishaomba ruhusa mapema kwa sababu ya kazi yenyewe. Ningemshauri mtu asitegemee kuomba langoni. Jua lilikuwa limeshakuwa kali, tukabaki kwenye kivuli cha miti na pembezoni mwa kuta za matumbawe. Shangazi aliweka sharti moja: hakuna kuegemea makaburi ya zamani yaliyo pale. Nakubaliana naye kwa moyo wote. Nimeona wachumba wengi wakipiga picha za mahaba juu ya makaburi yale yenye nguzo za mawe kwa sababu yanapendeza. Pale wamelala watu, tena wapo wanaofika hadi leo kuwaombea dua.

Nilikuwa na hamu ya picha kutoka angani. Msaidizi alikuwa na droni kwenye gari lakini mpiga picha alikataa kuirusha, akasema kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga cha siku hiyo hakikutoka. Nilisikitika kidogo, lakini heshima yangu kwake ikaongezeka.

Makubaliano yetu yalikuwa ukurasa mmoja, tumesaini wote: picha sitini zilizosafishwa ndani ya siku kumi na nne, rangi ya ngozi isiguswe, chunusi za siku ile ruhusa kufutwa, kovu la mwenzangu libaki, na hakuna picha kwenda mtandaoni bila ruhusa yetu ya maandishi. Zilikuja sitini na tatu, zimechelewa siku tatu, na alitupigia kabla ya muda kuisha kueleza kwamba kompyuta yake imekwenda kwa fundi. Kasoro niliyoiona ni kwamba zilitumwa kwa kiungo kinachokufa baada ya siku thelathini, na hilo halikuwa kwenye karatasi. Bahati nzuri mwenzangu alizishusha mapema na kuziweka kwenye flashi mbili, moja iko kwangu. Kwa kadi ya mchango tuliomba pia nakala ndogo, kwa sababu picha kubwa ikitumwa WhatsApp inabanwa na uso unapoteza ung'avu.

Mama nilimpelekea zikiwa zimechapishwa. Ile ya barazani aliishika muda mrefu karibu na dirisha, akapitisha kidole gumba kwenye uso wangu, akamwita baba aje aone. Siku ya nikaha tumemweka dada huyohuyo, amana imeshalipwa, na safari hii kikao cha chai kitafanyika kwa shangazi.