Uzoefu wangu Wembley: nilikwenda kutafuta nguzo, sikuiona

Miaka kadhaa iliyopita nilikata tiketi ya mechi kwenye uwanja mmoja wa zamani, nikajikuta nimekaa nyuma ya nguzo. Dakika tisini nachungulia, mara kushoto mara kulia, na bao pekee la siku ile nililijua kwa kelele za wenzangu. Tangu hapo nikiingia uwanja wowote macho yangu huanzia juu: paa hili limeshikwa na nini?

Wembley, London, nimekwenda mara mbili. Kwanza siku ya mechi, halafu siku nyingine kwa ziara ya kutembezwa ndani.

Siku ya mechi nilikaa majukwaa ya juu kabisa. Kabla hata timu hazijatoka nikazungusha macho uwanja mzima. Viti 90,000, vyote viko chini ya paa, na hakuna nguzo hata moja mbele ya mtu. Mteremko wa huko juu ni mkali, hivyo kichwa cha jamaa aliyekaa mbele yangu kilikuwa karibu na magoti yangu. Magoli yote mawili niliyaona bila kunyoosha shingo.

Kazi ya kulishika paa bila nguzo inafanywa na lile tao, upinde mkubwa wa chuma uliopita juu ya uwanja. Kwenye picha linaonekana kama pambo, nami nilidhani hivyo. Kumbe ndilo linalobeba uzito wote wa paa la upande wa kaskazini na sehemu kubwa ya paa la kusini, kwa nyaya za chuma. Kimo chake ni mita 133, na kutoka mguu hadi mguu ni zaidi ya mita 300. Ukilisogelea unaona si bomba moja nene: ni vyuma vya mviringo vilivyosukwa kama dema la mvuvi, na ndani yake pana upana wa mita 7. Tena halikusimama wima, limeinama. Nilisimama chini yake muda mrefu hadi shingo ikauma.

Kuna watu bado wanaililia minara miwili myeupe ya uwanja wa kale uliofunguliwa 1923. Nawaelewa, ilikuwa mizuri. Lakini minara ile ilipamba mlango tu, na ndani nguzo ziliwaziba watu. Huu mpya, uliofunguliwa 2007 na ambao Norman Foster ni miongoni mwa wasanifu wake, alama yake ndiyo mtambo wake.

Kwenye ziara, wengi walikaa zaidi vyumba vya kubadilishia nguo. Mimi nilipita haraka, nikapanda zile ngazi 107 za kwenda kupokea kombe, kisha nikarudi kulitazama paa. Sehemu yake huvutwa nyuma ili jua lizifikie nyasi, na juu ya wachezaji panabaki wazi.

San Siro ya Milan wamepita njia nyingine: minara 11 ya zege imeuzunguka uwanja kwa nje, na minne ya kwenye kona ndiyo iliyobeba paa. Nayo naipenda sana. Ila kwa mtu aliyewahi kukosa bao kwa sababu ya nguzo, Wembley naipa nyota tano. Ukienda, chukua kiti cha juu bila wasiwasi, na ufike mapema ulione tao kabla giza halijaingia.