Boti ya Matanga kutoka St. Lucia hadi Grenada: Nahodha Hodari, Bei Isiyowekwa Wazi

Kampuni tuliyokodi kwake hupakia abiria Rodney Bay, kaskazini mwa kisiwa cha St. Lucia huko Karibi, na kuwashusha Grenada baada ya kupitia visiwa vya St. Vincent na Grenadines. Boti ni ya mlingoti mmoja, safi, na matanga yake bado ni mazima. Tuliikodi pamoja na nahodha, na yeye ndiye sababu kubwa ya mimi kuisifu huduma hii.

Aliyezoea bahari ya kwetu, ambako kaskazi hupisha kusi, atakuta Karibi upepo unaotoka upande wa mashariki karibu mwaka mzima. Kwa kuwa visiwa hivyo vimejipanga kutoka kaskazini kwenda kusini, upepo huipiga boti ubavuni, nayo hukimbia vizuri sana. Nyuma ya kisiwa bahari ni shwari, lakini ukishaipita ncha yake, mlango wa bahari ulio kati ya St. Lucia na St. Vincent hukupokea kwa mawimbi ya Atlantiki. Nahodha wetu alipunguza tanga kuu tukiwa bado kwenye maji tulivu chini ya vilele vya Piton, akaamuru madirisha yote yafungwe, na haukupita muda tukaelewa kwa nini. Matangazo ya kampuni huonyesha fukwe tu. Ni haki ya mteja, hasa mwenye watoto au anayechafukwa na moyo baharini, kuelezwa mapema kwamba atavuka bahari iliyo wazi.

Tobago Cays, katika visiwa vya Grenadines, ni mahali ambapo sina sifa za kutosha kupapa. Ni visiwa vidogo visivyokaliwa na watu, vilivyokingwa na mwamba wa Horseshoe Reef, ambao huyavunja mawimbi lakini hauuzuii upepo, na ukitazama mashariki hakuna nchi kavu tena mpaka Afrika Magharibi. Hapo nahodha alitafuta mchanga mtupu, akateremsha nanga, akairudisha boti nyuma kwa injini mpaka mnyororo ukakaza, kisha akapiga mbizi kuhakikisha kwamba nanga imezama vizuri na haikugusa nyasi za baharini ambazo ndizo malisho ya kasa. Uangalifu wa namna hiyo hauandikwi kwenye mkataba, na unastahili kulipiwa.

Malalamiko yangu ni juu ya ofisi. Safari hii hupita katika nchi tatu huru, na kila unapoingia nyingine hupandishwa bendera ya manjano mpaka nahodha amalize shughuli za forodha na uhamiaji. Ada za shughuli hizo, za hifadhi, za maboya ya kufungia boti, mafuta na chakula cha nahodha, zote hazikuwamo katika bei tuliyotajiwa, na orodha yake tulikabidhiwa asubuhi ya kuondoka. Beba fedha taslimu: dola ya Karibi Mashariki, ambayo 2.70 ni sawa na dola moja ya Marekani, ndiyo utakayowalipa vijana wanaokuletea mkate na samaki kwa mashua zao. Usiijaze boti vyakula St. Lucia, nunua Union na Carriacou ili kuwaunga mkono wakazi wa visiwa hivyo, vilivyobomolewa vibaya na kimbunga Beryl tarehe 1 Julai 2024.

Anayetaka kujiendeshea mwenyewe akumbuke kwamba maboya ya huko ya kuonyesha njia hupangwa kinyume na ya kwetu: unapoingia bandarini boya jekundu hukaa kuliani, ilhali Mombasa na Dar es Salaam hukaa kushotoni. Msimu wa vimbunga ni Juni hadi Novemba. Februari hadi Mei ndiyo miezi ninayoipendekeza. Kwa kampuni hii nitarudi, ila sitatoa malipo ya awali kabla ya kupewa orodha ya ada zote kwa maandishi.